Florida State 2023: Walishinda Uwanjani, Wakaangukia Mezani

Mechi 13, ushindi 13, kombe la ligi yao ya ACC mkononi, na bado timu ya Chuo Kikuu cha Florida State haikuitwa kwenye mchujo wa kuwania ubingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Tangu mchujo wa timu nne uanze msimu wa 2014, hakuna bingwa wa ligi kubwa aliyemaliza bila kufungwa halafu akaachwa nje. Desemba 3, 2023 ikawa mara ya kwanza. Mwaka huo ndio ulikuwa wa mwisho kwa mfumo wa timu nne, kwa hiyo ikawa mara ya mwisho pia.

Aliyezoea ligi za kwetu atauliza: kwani pointi zinasemaje? Hakuna pointi. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila kimoja kinacheza mechi 12 tu kabla ya fainali za ligi. Timu nyingi hazikutani kabisa. Ndiyo maana kuna kamati ya watu 13 inayokaa faragha, inajadili, inapiga kura na kupanga nani wa kwanza na nani wa tano. Mwaka ule mwenyekiti alikuwa Boo Corrigan, mkurugenzi wa michezo wa chuo cha North Carolina State.

Hadi katikati ya Novemba, hakuna aliyekuwa na shaka na Florida State. Walifungua msimu kwa kuichapa LSU, timu ya chuo cha jimbo la Louisiana, 45-24 mjini Orlando, LSU ile ile ya Jayden Daniels, aliyekuja kuchukua tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Wakaenda nyumbani kwa Clemson wakatoka na ushindi wa 31-24 katika muda wa nyongeza. Kisha Novemba 18, kwenye mechi ambayo kila mtu aliiona ya kujipasha misuli, dhidi ya North Alabama kutoka daraja la chini, kwotabeki wao Jordan Travis alikimbia na mpira, akaangushwa, mguu wa kushoto ukaumia vibaya. Akatolewa uwanjani kwa kigari. Katika mchezo huu kwotabeki ndiye anayeshika mpira karibu kila shambulizi. Ukimkosa yeye, hujakosa mtu mmoja, umekosa injini.

Msaidizi wake, Tate Rodemaker, akaiongoza timu kuifunga Florida 24-15 ugenini. Naye akaumia kichwa. Fainali ya ACC dhidi ya Louisville ikabidi aanze kijana wa mwaka wa kwanza, Brock Glenn. Alirusha pasi 21, zikafika 8, yadi 55. Yadi 55 kwa mechi nzima ni kidogo mno. Lakini walinzi wa Florida State waliikaba Louisville ikashindwa hata kufikisha yadi 200, na kombe likaja kwa 16-6.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Kamati ilitazama mechi ile ikaona timu isiyoweza kushambulia. Mashabiki wa Tallahassee, mji wa Florida State, waliona timu iliyoshinda fainali ikiwa na kwotabeki wa tatu. Wote waliona kitu kile kile.

Kuitetea kamati si kazi ngumu kama wengi wanavyodhani. Kwanza, haikutunga kanuni usiku ule. Mwongozo wake ulikuwa unairuhusu kuzingatia kukosekana kwa wachezaji muhimu, hasa kama kunaweza kuathiri mechi zinazofuata. Pili, hesabu ilibana. Michigan na Washington hawakuwa wamefungwa. Hao hawana mjadala. Alabama walipoteza mechi moja tu, halafu kwenye fainali ya ligi yao, SEC, wakaiangusha Georgia 27-24, timu iliyokuwa namba moja na haijafungwa kwa mechi 29 mfululizo. Na mechi hiyo moja waliyopoteza Alabama ilikuwa dhidi ya Texas, 34-24, tena nyumbani kwa Alabama. Kwa hiyo huwezi kuiingiza Alabama ukaiacha Texas. Zimebaki nafasi mbili, wanaozidai ni watatu. Ungemwacha bingwa wa SEC? Hilo nalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Hoja hizo nazikubali. Ninapokataa ni pale kamati ilipoacha kupima yaliyochezwa ikaanza kutabiri yatakayochezwa. Travis mwenyewe aliandika mtandaoni siku ile kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu waone timu ile haikuwa ya kwotabeki peke yake. Maneno machungu, lakini ukiyachambua yana mantiki. Angeumia Septemba, Rodemaker angekuwa na mechi kumi za kujionyesha. Walichoadhibiwa nacho ni tarehe ya jeraha.

Tena utabiri wa namna hii uliwahi kuumbuka. Mwaka 2014 Ohio State walifika fainali ya ligi yao na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, baada ya wawili waliomtangulia kuumia. Wakaichapa Wisconsin 59-0, kamati ikawapa nafasi ya nne, wakaifunga Alabama, wakaifunga Oregon, wakabeba ubingwa wa taifa. Mtetezi wa kamati atajibu kwamba Jones alifunga 59 na Glenn 16, na jibu hilo lina uzito. Ila Alabama nao, wiki moja kabla ya kuifunga Georgia, walikuwa wamebakiwa na jaribio moja tu la kufunga, kutoka yadi 31, mbele ya Auburn. Jalen Milroe akarusha, Isaiah Bond akadaka, wakaponea 27-24. Bahati kama hiyo ikitua kwa jina kubwa huitwa ukomavu.

Kisha ikaja Orange Bowl ya Desemba 30, mechi ya heshima nje ya mchujo: Georgia 63, Florida State 3. Waliokuwa upande wa kamati wakashangilia kama wameshinda kesi. Mimi sioni ushahidi hapo. Zaidi ya wachezaji 20 wa Florida State hawakucheza. Wengine walikuwa majeruhi, wengine wanajiandaa na ligi ya kulipwa ya NFL, wengine wanahama chuo, Rodemaker akiwa mmoja wao. Wengi wao wasingekosekana kwenye nusu fainali ya ubingwa. Kwa upande wa pili, Alabama waliopewa ile nafasi walitolewa na Michigan 27-20 katika muda wa nyongeza, na Michigan wakawa mabingwa. Alabama hawakuiaibisha kamati, na hilo ni haki kulisema.

Florida State waliishtaki ligi yao wenyewe, ACC, kabla mwaka haujaisha, wakitafuta njia ya kutoka kwenye mkataba wa haki za televisheni uliokuwa ukiwafunga hadi 2036. Kuachwa nje kuliwapa sababu ya kusema kwamba kuwa bingwa wa ACC hakutoshi tena. Uwanjani, msimu wa 2024 walishinda mechi mbili wakapoteza kumi.

Mwaka huo huo mchujo ulipanuliwa hadi timu 12, na mabingwa watano wa ligi wanaopangwa juu zaidi wakahakikishiwa nafasi. Kwa kanuni hiyo, Florida State ya 2023 ingeingia bila kumbembeleza mtu. Ugomvi ukahamia mkiani: Desemba 2024 nafasi ya mwisho ya wasio mabingwa walipewa SMU, waliopoteza mechi mbili na wanatoka ACC, wakaachwa Alabama waliopoteza tatu. SMU walipofungwa na Penn State 38-10, wale wale walioshangilia kipigo cha Orange Bowl mwaka uliotangulia walirudi na wimbo ule ule, kwamba kipigo kimethibitisha nani hakustahili.