Tuktuk Si Gemu Mpya

Jumamosi, kwenye kibanda kimoja cha gemu pale Majengo, Mombasa, kijana alinipa simu yake. "Ami, hebu jaribu hii, nimeitengeneza mwenyewe." Tuktuk inakimbia, unatelezesha kidole kushoto na kulia, unaruka malori, unaokota sarafu, askari yuko nyuma. Sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue zinapita, Fort Jesus inapita. Michoro safi kabisa. Miezi minane kaifanyia kazi, usiku, baada ya kutoka kibaruani. Watoto waliipokea kwa kelele, na hazikutimia dakika tano wakamrudishia simu, wakashika pedi wakaendelea na mpira wao. Uso wa yule kijana umenikaa moyoni tangu siku hiyo.

Watoto hawakumkosea. Ile ni Subway Surfers, waliyonayo kwenye simu za mama zao, na imekuwapo tangu 2012. Mkimbiaji amekuwa tuktuk, treni zimekuwa malori, basi. Na soko limefurika: Steam pekee, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilipokea gemu zaidi ya 18,000 mwaka 2024. Humo ndani rangi mpya haimsimamishi mtu.

Kinachoniuma ni kwamba tunauchukua mji wetu tunaufanya pazia la nyuma. Hilo wageni walishatufanyia. Gemu ya vita Halo 2, ya mwaka 2004, ina mapigano ndani ya Mombasa ya mwaka 2552, na nduguye Halo 3: ODST ya 2009 karibu yote imo humo humo. Jina letu lilizunguka dunia nzima. Lakini futa Mombasa, andika mji mwingine wowote, bunduki zitalia vilevile. Hicho ndicho kipimo ninachowaomba vijana wetu wakitumie: ukibadilisha mahali, sheria za mchezo zinavunjika au zinabaki palepale?

Tazama Balatro, iliyotoka Februari 2024. Mtu mmoja kaitengeneza, na nakala milioni moja ziliuzwa katika mwezi wa kwanza. Karata ni za poka, kila mtu anazijua. Alichogusa ni hesabu: kila karata ya joker unayoinunua inageuza namna alama zinavyopatikana, hata mkono dhaifu wa jozi moja ukawa silaha. Vampire Survivors nayo ilimwondolea mchezaji kitufe cha kufyatua. Wewe unatembea tu, silaha zinajipiga zenyewe. Wote wawili waliishika sheria yenyewe.

Sasa sisi tuna sheria ambazo wengine hawana. Gemu za biashara ya baharini ni tele, na nyingi ukitaka kusafiri unasafiri. Hapa kwetu jahazi liliingia na upepo wa kaskazi, likarudi na upepo wa kusi. Weka hilo ndani ya gemu! Ukichelewa kuuza shehena yako, upepo umegeuka, umekwama bandarini kwa miezi. Bei ya tende inashuka mbele ya macho yako, mabaharia wanadai posho, na huna pa kwenda. Hapo ukiiondoa pwani, gemu yenyewe imekufa. Bao nalo lina namua, awamu ya kuingiza kete, na mtaji, awamu inayofuata; lina nyumba, shimo maalumu la kete, ambayo mchezaji anaamua ailinde au aivunje. Mawazo ya kutosha kulisha gemu kumi, na si lazima ziwe za bao.

Picha nzuri inasaidia, sikatai. Bila hiyo hakuna atakayebonyeza kuitazama. Matangazo nayo yanahitajika. Ila hayo hayambakizi mtu.

Nilimweleza yule kijana habari ya kaskazi na kusi. Alinyamaza kitambo, akaniuliza, "Na aliyekwama, ami, atafanya nini miezi yote hiyo?"

Nikamwambia atatia kalafati, atapaka chombo deheni, atakopa, pengine ataoa. Akatoa daftari, akaanza kuandika.