Filamu ya Kardinali Rugambwa Iko Wapi?

Bibi ninayemtunza hapa mkoani Bergamo hakubali kulala kabla ya kutazama televisheni. Nikishamlisha na kumpa dawa zake, namfunika miguu kwa blanketi, nawasha Rai 1, nami nakaa pembeni nikikunja nguo. Majuzi wakairudia ile filamu ya mwaka 2002 ya Papa Yohane wa XXIII. Bibi anamwona Papa huyo kama mjomba wake, kwa sababu kijiji alikozaliwa, Sotto il Monte, hakiko mbali na hapa. Hotuba yake ya usiku wa tarehe 11 Oktoba 1962, ile aliyowaambia watu wakirudi nyumbani wawapapase watoto wao na kuwaambia ni mkono wa Papa, bibi anaisema yote bila kukosea.

Filamu ilipokwisha akanigeukia. Nilishamsimulia zamani kwamba natoka Bukoba. Akaniuliza: "Huyu wetu ndiye aliyempa yule wenu kofia nyekundu ya ukardinali. Filamu ya yule wenu wanaionyesha lini?"

Nilikosa jibu, na mpaka leo swali limenikaa rohoni.

Jamani, ya Rugambwa iko wapi? Mimi sijawahi kuona filamu ya maigizo ya maisha yake, na kila ninayemuuliza wa kwetu ananijibu hivyo hivyo. Tuna shule ya wasichana yenye jina lake, tuna kaburi lake kanisani Bukoba, tuna picha yake ukutani sebuleni kwa wazee wetu. Lakini mwulize kijana wa miaka ishirini pale Rwamishenye, mjini Bukoba, Kardinali Laurean Rugambwa alikuwa mtu wa namna gani, alikasirishwa na nini, alifanya nini siku aliposhindwa. Atakujibu kwamba alikuwa kardinali wa kwanza Mwafrika, kisha basi.

Hapa Italia mambo ni tofauti mno, hata nikaona wivu. Mwaka 2000 Padre Pio, mtawa Mkapuchini wa huku, alitengenezewa filamu mbili na vituo viwili vinavyoshindana: Canale 5 wakamtumia Sergio Castellitto, Rai wakamtumia Michele Placido. Papa Yohane wa XXIII naye hivyo hivyo. Rai wakatoa ya kwao mwaka 2002, mwaka uliofuata Canale 5 wakatoa yao. Yohane Paulo II alipofariki mwaka 2005, mwaka huohuo kulikuwa na filamu mbili za maisha yake, moja ya Mpolandi Piotr Adamczyk, nyingine ya Mmarekani Jon Voight. Hata Yohane Paulo I, aliyekaa kwenye kiti siku 33 tu, alipata yake mwaka 2006. Watu wa biashara ya televisheni hawagombanii kitu kisichotazamwa. Hizi filamu zinawekwa saa ile ya usiku ambapo familia nzima imekaa sebuleni, na kesho yake dukani kwenye mikate watu wanazibishania.

Halafu kuna Don Matteo. Wale wa rika langu mnamkumbuka Terence Hill wa Trinity, tuliyekuwa tukimtazama kwenye vibanda vya video akila maharage na kupiga watu makofi. Basi huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa padre kwenye televisheni ya Italia tangu mwaka 2000, padre wa parokia anayeendesha baiskeli na kufichua wauaji kabla ya polisi. Akaigiza padre huyo zaidi ya miaka ishirini. Tamthilia yenyewe ni nyepesi, lakini angalia wanachokifanya: padre ana jikoni, ana anayempikia, ana rafiki wa kucheza naye chesi, anakosa usingizi kwa sababu ya mtu aliyemwungamia. Ni mtu.

Sasa njooni kwetu. Padre kwenye filamu zetu anatokea dakika za mwisho kufungisha ndoa, au kuzika, au kumwagia maji ya baraka mtu aliyepagawa. Hana jina, hana mama, hana kijiji. Nimeona filamu moja padre anafungisha harusi amevaa stola ya zambarau ya Kwaresima, huku bibi harusi amesimama mbele yake na shela jeupe, na nyuma yao kuna msalaba wa karatasi uliobandikwa kwa gundi ukaanza kujikunja. Katika seti nzima hakukosekana Mkatoliki mmoja wa kusema jamani hii rangi siyo. Hakuna aliyejali, kwa sababu padre wa filamu zetu ni pambo la ukumbi, kama maua.

Nanyi mnawajua mapadre wetu. Mnamjua yule anayezunguka vigango vitano kwa pikipiki wakati wa mvua za masika. Mnamjua yule aliyegombana na kamati ya ujenzi kwa sababu ya mabati. Mnamjua yule ambaye ukoo ulimlilia alipoingia seminari kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume pekee, na baba yake akakaa muda mrefu bila kusema naye. Hadithi hizo zinasimuliwa kila jioni kwenye vibaraza vya Kagera, na hakuna anayezipeleka kwenye kamera.

Najua mtakachosema, kwa hiyo niseme mimi kwanza. Mtasema huyo nshomile, Mhaya anayejiona msomi, ameshaonja Ulaya, sasa anarudi kutufundisha. Mimi hapa nabadilisha nepi za wazee na kupiga deki. Hakuna mtu aliyenipa kiti cha kuwadharau watu wa kwetu, wala sikitaki. Nauliza kwa uchungu kwa sababu huyo ni kardinali wangu. Ni wa kwetu.

Mtasema pia Wazungu wenyewe makanisa yao matupu, filamu za watakatifu zinawasaidia nini? Hilo ni kweli, nami nalisema kwa kujivunia kwetu. Jumapili hapa tunakuwa wazee na sisi wahamiaji, wakati Bukoba misa ya kwanza ukichelewa unasimama nje. Siku hizi hata mapadre wa kuwasomea misa Waitaliano wengi wanatoka Afrika, wakiwemo Watanzania. Lakini hebu nijibuni: kama imani yetu ndiyo hai, kwa nini wenye makanisa matupu ndio wanaosimulia na sisi wenye makanisa yaliyojaa tumenyamaza? Na nikisema hayo siwasafishi hawa wa hapa. Filamu zao nyingi zina sukari kupita kiasi. Mtoto atakayekuwa mtakatifu anaonyeshwa tangu utotoni akitazama juu mawinguni, muziki wa vinanda unalia, na wabaya wote wanatubu kabla ya tangazo la mwisho.

Ubaya zaidi unakuja wanapotusimulia sisi. Mwaka 2009 Rai walitoa filamu ya Mtakatifu Bakhita, binti wa Darfur aliyetekwa utumwani, akafika Italia, akawa mtawa wa shirika la Wakanosa na kufia Schio mwaka 1947. Mwigizaji wake, Fatou Kine Boye, alifanya kazi nzuri, nililia. Lakini familia ya Michieli, ambayo kweli Bakhita aliitumikia hapa Italia, haimo. Badala yake wametunga bwana mmoja anayeitwa Marin na binti yake, na sehemu kubwa ya hadithi ikawa ni majuto ya bwana huyo. Wakati ukweli wenyewe ulikuwa na nguvu kuliko utunzi: mama wa nyumba hiyo ya Michieli alikuja kumdai arudi naye Sudan, Bakhita akakataa, kesi ikafika mbele ya wakubwa wa Venezia, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Mwanamke Mwafrika kusimama na kusema siendi, mwaka huo! Ukimwachia jirani akusimulie ukoo wako, atasimulia ile sehemu ambayo yeye mwenyewe alikuwepo.

Kuna wanaoniambia kwamba kumwigiza baba askofu ni kumvunjia heshima. Hawa ndio wengi, na ndio wanaonichosha zaidi, kwa sababu ni watu wazuri, wazee wa kanisa, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, niliolelewa nao. Kwao kiongozi wa dini ni wa kuheshimiwa kwa mbali. Nawaheshimu, lakini nakataa. Padre Pio alizuiwa na Kanisa lake mwenyewe asiadhimishe misa hadharani tangu 1931 mpaka 1933. Alichunguzwa, akashukiwa, wakubwa wa Roma wakamwita mdanganyifu. Filamu ya Castellitto haikuficha hayo. Imemkalisha mzee Pio mbele ya mchunguzi wa Kanisa, na maisha yote yanasimuliwa kwenye mabishano yao. Je, watu waliacha kumpenda? Nendeni San Giovanni Rotondo, alikozikwa, mkaone mabasi ya mahujaji. Heshima yake haikupungua hata chembe. Na msiniambie tusubiri mtu atangazwe mtakatifu kwanza: filamu zile zilitoka mwaka 2000, yeye akatangazwa mtakatifu mwaka 2002.

Suala la fedha nalo silikubali. Tunazo fedha za kukodi jumba la Mbezi Beach na magari ya kifahari kwa ajili ya hadithi ya mume aliyechepuka. Kanisa kuu la Bukoba lipo, misheni ya Kashozi ipo, Ziwa lipo, mavazi ya kale yapo kwenye masakristia, na kwaya haziwezi kukosekana.

Tena angalieni hadithi yenyewe. Mtoto anazaliwa Bukongo mwaka 1912, nchi iko chini ya Wajerumani. Anabatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, nchi imeshakuwa ya Waingereza. Anasoma seminari ya Katigondo, Uganda, anapewa upadre mwaka 1943, vita vya dunia vinaendelea. Anapelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa. Mwaka 1952 anawekwa wakfu kuwa askofu. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane anamfanya kardinali, siku moja na kardinali wa kwanza wa Japani na wa kwanza wa Ufilipino. Fikirini: Tanganyika haijapata uhuru! Gavana Mwingereza bado yuko Dar es Salaam, na mwana wa Muhaya ameshakaa katika baraza la kumchagua Papa. Mwandishi wa filamu anataka nini zaidi ya hapo?

Kisha inakuja ile sehemu ambayo ningeitengeneza mimi kama ningekuwa na kamera. Anahamia Dar es Salaam kuwa askofu mkuu mwishoni mwa 1968. Rais ni Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, na serikali ya Nyerere inapitisha sheria ya elimu ya mwaka 1969, shule za misheni zinachukuliwa na taifa. Shule ambazo mapadre na masista walizijenga tofali kwa tofali. Wawili hao wanaheshimiana, wote wawili wanaipenda nchi hii, na kila mmoja ana zigo lake. Wawekeni chumba kimoja, mezani chai inapoa, mwacheni kila mmoja aseme. Hakuna haja ya bunduki wala mchawi.

Na mwaka 1978! Yuko Roma katika mkutano wa kumchagua Papa mara mbili mwaka mmoja, Agosti na Oktoba. Tarehe 16 Oktoba anatoka Wojtyła, yaani Yohane Paulo II. Hata mwezi haujaisha vizuri, majeshi ya Idi Amin yanaingia Kagera, nyumbani kwake, watu wanauawa, ng'ombe wanaswagwa, daraja la Kyaka linavunjwa. Wazee wetu waliokimbia usiku na magodoro kichwani wanajua. Kardinali ametoka kumpigia kura Papa, na huku parokia alizozihudumia akiwa askofu zinakimbiwa. Filamu za Wojtyła zimeonyeshwa dunia nzima. Upande huu wa mwaka huohuo, upande wetu, umebaki kwenye midomo ya wazee.

Wengine wataniuliza, nani anafaa kumwigiza? Watataka awe Muhaya, awe Mkatoliki safi, asiwe ameonekana kwenye filamu za mapenzi. Papa wa Bergamo, mtoto wa wakulima wa Sotto il Monte, kwenye filamu ya Rai ameigizwa uzeeni na Ed Asner, Mmarekani aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi. Kwenye ile ya Canale 5 ni Bob Hoskins, Mwingereza. Bibi yangu huyu, ambaye rozari haimtoki mkononi, hajawahi kulalamika kuhusu dini ya Asner. Analalamikia lafudhi tu ya wale waliomwekea sauti ya Kiitaliano, kwamba Papa wao hakuongea hivyo, aliongea kama watu wa hapa. Kwa hiyo tafuteni mwigizaji hodari kutoka Tanga au Mbeya au Zanzibar, mleteni Bukoba akae, ale ndizi, asikilize wazee wanavyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Waliopewa kipaimara kwa mikono ya Rugambwa bado wapo, wana mvi, wana kumbukumbu zao, na wanajua alivyotembea. Waulizeni mwaka huu, maana kila simu ninayopigiwa kutoka nyumbani inanitajia mmoja wao aliyeondoka.