Namba ya Simu Ndiyo Inayotuanika

Ushauri mwingi kuhusu faragha mtandaoni unaotufikia umeandikwa kwa ajili ya watu ambao maisha yao ya mtandaoni huanzia kwenye barua pepe. Huambiwa waweke nywila ndefu, wasibofye viungo wasivyovijua, watumie VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako ya intaneti kwenye mitambo ya kampuni nyingine, wakiwa hotelini au uwanja wa ndege. Sina ugomvi na ushauri huo, ila unapita mbali na mahali ambapo sisi tunaumia. Mtanzania au Mkenya wa kawaida anaweza kumaliza miezi bila kufungua barua pepe, lakini hawezi kumaliza siku bila namba yake ya simu. Kwa namba hiyo anapokea malipo ya kazi, ananunua umeme wa LUKU, anatuma ada ya mtoto, anakopa, anaingia WhatsApp, anathibitisha akaunti yake ya benki. Kwa hiyo anayetaka kulinda faragha yake katika nchi zetu, na hasa anayetaka kuandika jambo zito bila kujulikana ni nani, inampasa aanzie kwenye namba, na akiisahau hiyo hatua nyingine zote zitamfaa kidogo sana.

Chukua kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Ukishaingizwa humo, na mara nyingi huingizwa bila kuulizwa, watu mia na zaidi, wengi wao usiowafahamu, wanaiona namba yako. Mmoja wao akitaka kukujua hahitaji utaalamu wowote. Anafungua menyu ya kutuma pesa, anaandika namba yako na kiasi chochote cha fedha, na kabla pesa haijaondoka anaonyeshwa jina lako kama lilivyosajiliwa. Hapo anasitisha muamala. Hajalipa hata senti moja, nawe hujapata ujumbe wowote wa kukujulisha kwamba kuna mtu amekutafuta. Huduma hii iliwekwa kwa nia njema, kwa sababu kabla yake watu walikuwa wakituma fedha kwa namba iliyokosewa tarakimu moja na kuhangaika kuzirudisha. Wakenya wanaotumia M-Pesa wanaifahamu kwa jina la Hakikisha. Pamoja na wema huo, imefanya kila namba inayoonekana hadharani iwe sawa na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Mwanamke anayeuza madera au viatu Instagram huweka namba yake ili wateja wampate, na kwa kufanya hivyo amewapa jina lake kamili wateja, wasio wateja, na wale wanaompigia saa sita usiku wakijifanya wamekosea namba. Kwa jina hilo watamtafuta Facebook, wataona shule aliyosoma, watoto wake, na kanisa au msikiti anakosali.

Jina hilo linaaminika kwa sababu ya namna tunavyosajili laini. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, kwa kutumia kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, mamlaka inayokitoa, na mwisho wa zoezi ukasogezwa kutoka Desemba 31 mwaka huo hadi Januari 20, 2020, ambapo laini ambazo hazijasajiliwa zilianza kuzimwa. Tuliambiwa kwamba utapeli utapungua. Kila mwenye simu anaweza kupima mwenyewe ahadi hiyo kwa kuhesabu jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii" anazozipata hadi leo. Tapeli hatumii laini yenye jina lake. Anatumia iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, aghalabu mzee wa watu aliyeambiwa na wakala aweke kidole mara ya pili kwa kuwa mashine haijasoma vizuri. Ndiyo maana kila mtu anapaswa kupiga *106# mara kwa mara na kuangalia ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lake, na ushauri huu unafaa Tanzania na Kenya pia. Kwa maoni yangu, usajili umemweka wazi zaidi mtu mwaminifu kuliko ulivyomfichua mwizi.

Halafu kuna ugawaji wa namba tunaoufanya wenyewe kwa karatasi. Getini kwa kila ofisi mlinzi anakupa kitabu cha wageni uandike jina, unakotoka, namba ya simu na saini, na unapoandika unasoma bila kutaka majina na namba za wote waliokutangulia, kama atakavyozisoma zako anayekufuata. Nakala za vitambulisho tunazoziacha kwa watoa fotokopi hatujui zinaishia wapi, ingawa karanga za kufungiwa kwenye karatasi za ofisi zinatoa fununu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi mahususi na halali. Ningependa kuona siku ambayo mtu atauliza kitabu cha getini kina kusudi gani, kinatunzwa muda gani, na hutupwa wapi kikijaa.

Jambo linalonisumbua kuliko hayo ni kwamba namba yako haiko mikononi mwako tu. Iko katika orodha ya majina kwenye simu za wote wanaokufahamu, na kila mmoja wao anaweza kuikabidhi kwa kubofya neno moja la kukubali. Programu za mikopo ya haraka zilitufundisha hili kwa ukali. Mkopaji akiipakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma orodha yake ya majina. Akichelewa kulipa, wanaopigiwa simu ni shangazi yake, bosi wake, na fundi aliyemtengenezea jokofu zamani. Hao hawakukopa, hawakukubali chochote, na baadhi hawajui hata jina la programu yenyewe. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitangaza kuipiga faini ya shilingi 2,975,000 kampuni moja ya mikopo ya aina hiyo, pamoja na faini ya shilingi 4,550,000 kwa shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ya shilingi 1,850,000 kwa baa iliyorusha mtandaoni picha ya mteja wake. Kwa upande wa Tanzania, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hizo ni nzuri, lakini orodha ya majina ikishachukuliwa hakuna faini inayoirudisha.

Wapo wanaosema kwamba asiye na la kuficha hana sababu ya kuogopa, na kwamba anayeandika kwa jina la bandia ni mwoga au mchonganishi. Wachonganishi wapo, sikatai. Matusi mengi tunayoyasoma chini ya picha za watu yameandikwa na akaunti zisizo na sura. Hata hivyo hoja hiyo inawasahau watu ambao kuficha jina kwao ni hitaji halisi: kijana anayeuliza kuhusu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kabla hajathubutu kwenda kliniki, mke aliyekimbia kipigo na hataki mume ajue yuko mkoa gani, mhasibu aliyeona hundi zinazolipwa kwa kazi isiyofanyika. Wala lakabu si uvamizi wa kigeni kwetu. Washairi wa Kiswahili wamepeleka tungo zao magazetini chini ya majina ya kubuni kwa miongo mingi, na wasomaji walimfahamu Sauti ya Kiza hata kama hawakujua kwamba ni Amiri Sudi Andanenga. Mhariri alijua ni nani, msomaji hakulazimika kujua, na kila kitu kilitegemea mhariri kunyamaza.

Leo anayemjua mwandishi wa kweli ni mwenye jukwaa, na kunyamaza kwake kuna gharama. Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni la Tanzania, alikamatwa Desemba 2016 na kufunguliwa kesi kadhaa katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, nyingine zikihusu kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji waliokuwa wakiandika kwa majina ya bandia. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa ofisa wa polisi mamlaka ya kudai taarifa za namna hiyo. Mwaka 2019 Kamati ya Kulinda Wanahabari, yenye makao New York, ilimpa tuzo yake ya kimataifa. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani katika mojawapo ya kesi hizo, akaamriwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Namheshimu kwa msimamo huo. Lakini mpango mzima wa usalama wa mwandishi usijengwe juu ya ushujaa wa mtu mwingine, kwa sababu wenye majukwaa wengi si mashujaa na hatuna haki ya kuwadai wawe.

Linganisha na kilichotokea Marekani mwaka 2016, pale waendesha mashtaka huko Virginia walipoitaka kampuni inayosimamia Signal, programu ya kutumiana ujumbe kama WhatsApp, itoe taarifa za watumiaji wake. Kampuni ilitii. Ilichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho, basi. Haikuwa na orodha ya marafiki, makundi wala ujumbe, kwa kuwa ilikuwa imeamua tangu mwanzo kutovihifadhi. Kabla ya kujiuliza kama mwenye jukwaa ni mtu mwema, napendelea kuuliza ana nini cha kutoa akibanwa. Hata Signal, kwa sifa zake zote, bado hudai namba ya simu wakati wa kujisajili. Afadhali kuanzia mwaka 2024 imewaruhusu watumiaji kuwasiliana kwa jina la mtumiaji bila kuonyeshana namba.

Kuhusu VPN niseme machache, kwa sababu imesifiwa kupita kiasi. Inamzuia mtoa huduma wako wa intaneti asione unatembelea wapi, na badala yake inampa nafasi hiyo mwenye VPN, ambaye kama huduma yake ni ya bure lazima ujiulize anakula nini. Tena mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN nchini Tanzania wajiorodheshe kabla ya Oktoba 30, kwa hiyo mtumiaji ajue na hilo. Ukiwasha VPN kisha ukaingia WhatsApp kwa namba uliyosajili kwa kidole chako, hujaficha kitu kwa WhatsApp wala kwa waliomo kwenye kundi.

Kinachosaidia kweli ni kutenganisha. Namba ya biashara iwe mbali na namba ya familia, na namba ya benki isiingie katika kundi lolote. Laini ya pili nayo imesajiliwa kwa jina lako, kwa hiyo haitakuficha mbele ya dola. Itakuepusha na jirani, mteja msumbufu na mkopeshaji wa rafiki yako, ambao ndio wanaowasumbua watu wengi zaidi kila siku. Mfanyabiashara mdogo achukue Lipa Namba, yaani namba maalumu ya kupokelea malipo ya biashara, mteja aone jina la duka. Katika mipangilio ya WhatsApp zuia watu usiowajua wasikuingize kwenye makundi, na picha ya wasifu ionekane kwa waliomo kwenye orodha yako tu. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za mahali ilipopigwa, bali ikitumwa kama faili inaweza kuzibeba.

Anayeandika kwa lakabu ana kazi ya ziada, nayo haihusu simu. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza mienendo ya simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, katika takwimu zisizo na majina, waligundua kwamba nukta nne tu za mahali na saa zilitosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Maandishi nayo yana nukta zake. Mwandishi anasema leo kwamba anafundisha fizikia, wiki ijayo kwamba shule ni ya bweni na iko karibu na ziwa, mwezi ujao kwamba alihamishwa Januari, na baadaye analalamika juu ya nauli ya kwenda kwao Kigoma. Hajataja jina, lakini ofisa elimu wa wilaya ameshamfahamu. Lakabu haivumilii simulizi za maisha, na ndiyo maana wanaoidumisha kwa miaka huwa wakavu kidogo wanapojizungumzia.

Hayo yote ni juhudi za mtu binafsi, na sioni sababu ya kumtwisha mama muuza madera mzigo ambao kampuni zinaweza kuutua kwa marekebisho madogo ya mfumo. Menyu ya kutuma pesa ingeweza kuonyesha jina la kwanza na herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Ninayemtumia dada yangu Asha nitaridhika nikiona "Asha M.", asiyemjua hatapata cha kumtafutia Facebook. Nchini Kenya Safaricom imekwisha kuanza kuficha sehemu ya namba ya mteja anapolipa dukani kwa M-Pesa, kwa hiyo hatuwezi kuambiwa kwamba jambo la namna hii haliwezekani kiufundi. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya mtu ya kuheshimiwa faragha yake, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo na inapokea malalamiko, na Benki Kuu ndiyo inayozipa leseni huduma za fedha kwa simu. Mabadiliko haya yanaweza kuanzia kwa barua moja kutoka kwa mojawapo ya ofisi hizo.