Mpira wa Mazoezi Si Kiti cha Mtoto

Nimetumiwa video ya mtoto wa miaka kama mitatu aliyeketishwa juu ya mpira wa mazoezi, ule mkubwa unaojazwa upepo, miguu ikining'inia, macho yameganda kwenye tableti, na chini yake maandishi yanayotangaza kwamba hivyo ndivyo mgongo unavyonyooshwa. Mgongo wenyewe, kwa yeyote aliyejisumbua kuutazama, ulikuwa umepinda kama ndoana.

Mpira huu ulitengenezwa Italia mwaka 1963 na Aquilino Cosani, na miongoni mwa waliotangulia kuutumia katika tiba alikuwa Mary Quinton, mtaalamu wa fiziotherapia Mwingereza aliyewahudumia watoto wachanga huko Uswisi. Watoto, basi, walikuwapo tangu mwanzo, ila ilikuwapo pia mikono ya mtu mzima, ambayo sasa tumeona haina kazi.

Kinachomfunza mtoto usawa ni ule mpira kutaka kumponyoka. Mpira unapoegemea upande mmoja, viungo vya usawa vilivyo ndani ya sikio hung'amua, ubongo hupata habari, na misuli ya tumbo, mgongo na nyonga hukaza ili kumrudisha katikati. Mlaze kifudifudi juu yake, umshike nyonga kwa mikono miwili, kisha uusogeze mbele polepole: atainua kichwa, vidole vitakunjuka, na mikono itatangulia kuitafuta sakafu. Hilo ndilo zoezi, na dakika chache zinatosha. Akiachwa ameketi tu, misuli huchoka, naye hujikunyata apumzike, kwa sababu hana pa kuegemea wala pa kukanyaga. Mtoto aliyeketi vizuri huwa nyayo zake zimetua sakafuni na magoti yamekunjwa pembe mraba, jambo lisilowezekana kwa umri huo hata kwenye mpira wa sentimita 45 ambao madukani huitwa mdogo.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo watoto wasiotulia ambao huonekana kutulia wakiruhusiwa kuyumbayumba kidogo. Mwenye mtindio wa ubongo naye ana haki ya mpira huu, lakini kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, si ya video ya nusu dakika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne awe katika mwendo kwa angalau dakika 180 kwa siku. Kupanda, kuruka kwa mguu mmoja na kubingirika nyasini ni mazoezi ya usawa, tena hayana risiti.

Anayeutaka mpira hata hivyo, achague usiopasuka kwa kishindo, aujaze upepo kiasi ubonyee kidogo usije ukamkimbia mtoto, kisha ajiandae kupiga magoti yeye mwenyewe, maana nyonga ya mtoto haishikiki vizuri ukiwa umesimama na simu mkononi.