Sheria haikusema jela

Juzi nilikuwa kwenye matatu, redio imepandishwa sauti, mada ikiwa wagonjwa wa TB wanaokatiza dawa. Mtangazaji akafungua laini za simu. Wa kwanza akasema washikwe. Wa pili akasema washikwe na wafungwe hadi wapone. Wa tatu, aliyejitambulisha kuwa mwalimu, akasema sheria iko wazi: TB imo kwenye orodha ya magonjwa hatari, kwa hivyo serikali ina haki ya kumtia mgonjwa ndani. Abiria wenzangu wakaitikia kwa sauti. Nilishuka nimekasirika, na hasira haijaisha.

Hiyo sheria nimeisoma. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, ipo tangu 1921. Kifungu cha 17 kinaorodhesha magonjwa ambayo ni lazima yaripotiwe: kimeta, kipindupindu, tauni, ukoma, homa ya matumbo, malale, kichaa cha mbwa, polio, homa ya manjano, TB ya kila aina. Ndui imo pia, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba umetokomezwa. Na imo homa ya uzazi, ile inayomshika mama aliyetoka kujifungua. Mama huyo na mgonjwa wa tauni wamewekwa kapu moja, ilhali wa tauni anahitaji kutengwa na mama anahitaji mkunga aliyenawa mikono.

Sina ugomvi na kuwepo kwa orodha. Bila orodha, daktari wa Busia hajui ni ugonjwa gani aupigie simu usiku uleule na upi usubiri ripoti ya mwisho wa mwezi. Ugomvi wangu ni na hii tabia ya kuisoma nusu.

Someni kifungu cha 27. Kinasema mtu aliyekutana na maambukizi, na ambaye anakokaa hapatoshi kuzuia ugonjwa usienee, anaweza kuondolewa kwa cheti cha afisa wa afya na amri ya hakimu, apelekwe mahali pa kutengwa kwa gharama ya mamlaka ya eneo alikopatikana, akae huko hadi asiwe hatari kwa wengine. Mahali pa kutengwa. Kwa gharama ya mamlaka. Hata wakoloni walioiandika hawakuthubutu kuandika jela.

Sasa tazameni tulichofanya sisi wenyewe. Agosti 2010, huko Kapsabet, wagonjwa wa TB waliokatiza dawa walifikishwa kortini na hakimu akaamuru wakae katika gereza la Kapsabet kwa miezi minane. Walikaa siku 46 kabla ya Mahakama Kuu ya Eldoret kuamuru watolewe. Mnayajua magereza yetu. Watu wanalala ubavu kwa ubavu, hewa haizunguki, dirisha ni tundu karibu na dari. TB husafiri kwa hewa. Mgonjwa aliyedaiwa kuwa hatari kwa jamii akapelekwa kukohoa katikati ya watu wasioweza hata kuhama chumba, watu ambao kesho wanamaliza kifungo na kurudi nyumbani kwa watoto wao. Aliyeona hapo afya ya umma inalindwa anieleze, maana mimi sijaiona.

Kesi ya kupinga kifungo hicho ilisimamiwa na KELIN, shirika la kutetea haki za afya, pamoja na wagonjwa wenyewe, na Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani ili atibiwe TB ni kinyume cha Katiba, na kwamba kifungu cha 27 hakitoi ruhusa hiyo. Akaiagiza serikali kuwaandikia waraka maafisa wanaohusika na kuandaa sera ya kuwatenga wagonjwa kwa heshima. Miaka yote hii imepita na bado redioni tunaambiwa sheria iko wazi.

Mjomba wangu aliugua TB. Dawa ni za bure, kweli, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba ile dawa hugeuza mkojo rangi ya chungwa. Alipouona alfajiri akajua ni damu, akaficha vidonge chini ya godoro na kunyamaza. Muuguzi ndiye aliyekuja kuligundua jambo hilo baada ya kumuuliza kwa upole. Halafu vile vidonge ukivimeza na njaa vinakugeuza tumbo, na yeye ni mtu wa vibarua: siku ya kliniki ni siku bila ujira, na nauli ya bodaboda ni unga wa jioni. Aliyemponya mjomba, ukiacha dawa, ni mama mmoja wa kujitolea wa afya ya jamii aliyepita kila asubuhi, akamsubiri anywe uji kwanza, kisha akamtazama akimeza. Hakuja na pingu.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wanaokataa kabisa. Yupo anayejua ana TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, na bado analala chumba kimoja na watoto wadogo. Kwa huyo serikali lazima iwe na uwezo wa mwisho wa kumtenga, kwa muda unaopimwa na daktari, mahali penye kitanda, chakula na hewa. Mgonjwa wa TB ya kawaida akimeza dawa sawasawa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana ndani ya wiki chache. Miezi minane ilitoka wapi?

Tena tuna mazoea. Sheria ya UKIMWI ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 24 cha kumfunga hadi miaka saba mtu anayemweka mwenzake kwenye hatari ya kuambukizwa HIV akijua, mpaka Mahakama Kuu ikakifuta mwaka 2015. Mwaka 2020 waliokamatwa wakivunja kafyu ya korona walipelekwa karantini kana kwamba karantini ni adhabu, na watu wakadaiwa bili za kukaa humo. Ukiufanya ugonjwa kuwa kosa, mgonjwa atafanya anachofanya mshukiwa yeyote: atajificha. Atanunua dawa ya kikohozi dukani na kukoholea ndani ya nyumba, na ile orodha ya kuripotiwa itabaki bila wa kuripotiwa.

Afya iligatuliwa mwaka 2013, kwa hivyo hiyo gharama inayotajwa na kifungu cha 27 sasa iko mlangoni kwa kaunti. Mkiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni mkamuulize MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi, maswali haya, na msikubali jibu la jumla: Kaunti yetu ina wadi ya kuwatenga wagonjwa wa TB sugu? Ina vitanda vingapi? Nauli ya mgonjwa kwenda kliniki imewekwa wapi? Na yule mama anayetembea nyumba kwa nyumba asubuhi, mara ya mwisho alilipwa lini?