Malkia Elizabeth awekewe benchi Balmoral

Kwenye kilima cha Craig Lurachain, ndani ya Balmoral, milki ya familia ya kifalme ya Uingereza huko Scotland, kuna piramidi ya mawe ambayo Malkia Victoria alimjengea mumewe, Prince Albert, mwaka 1862. Albert alikuwa amefariki Desemba iliyotangulia, na maandishi yaliyochongwa pale yanamtaja Victoria kuwa mjane aliyevunjika moyo. Aliyefiwa hapangiwi namna ya kulia, kwa hiyo simlaumu. Ila piramidi ni kitu cha kutazamwa tu.

Elizabeth II alifia hapo hapo Balmoral, Septemba 8, 2022, akiwa na miaka 96. Waliolibeba jeneza lake hadi kwenye gari walikuwa wafanyakazi wa milki hiyo, watu wanaotunza wanyama na misitu yake. London inajiandaa kumjengea kumbukumbu ya taifa katika bustani ya St James's, yenye sanamu na daraja, kwa bajeti ya kati ya pauni milioni 23 na 46. Sawa, mji mkuu una mambo yake. Balmoral naomba wamwekee benchi tu.

Benchi hilo likae kando ya ziwa Loch Muick, ambako njia ya kulizunguka ni kama kilomita 12 na miguu huchoka kweli. Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi ya namna hii, mradi asiharibu. Atakayekaa pale si lazima awe mgeni wa mfalme. Anaweza kuwa muuguzi aliyemaliza zamu, au mzee anayevua buti atoe kijiwe.

Mimi ni Mkenya, na jambo hili linanigusa. Elizabeth alirithi taji akiwa kwetu, kwenye hoteli ya Treetops, Februari 6, 1952. Oktoba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na maelfu kwa maelfu ya watu wakatiwa vizuizini huku taji likiwa lake. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza Treetops. Siwezi kuinua macho kuitazama sanamu yake nikasahau hayo yote, wala sitaki mjukuu wa mtu aliyeteswa aombwe kusahau.

Hapo ndipo benchi linapoishinda sanamu. Halimlazimishi mtu kumtukuza yeyote. Anayempenda malkia atakaa amkumbuke, na mwenye uchungu naye atakaa amkumbuke babu yake, wote wakitazama maji yale yale.

Liwe na egemeo la mgongo na mikono ya kushikilia, maana wazee hupata taabu kuinuka. Ubaoni waandike jina na miaka, 1926 hadi 2022. Vyeo viandikwe London.