Makabrasha ya Jaji Marshall: nani wa kuyafungua?

Thurgood Marshall, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alifariki Januari 1993. Kufika Mei, gazeti la Washington Post lilikuwa limeshaanika yaliyomo kwenye mafaili yake: rasimu za hukumu, vikaratasi vya majaji wakibembelezana kura, na jinsi haki ya kutoa mimba ilivyonusurika chupuchupu katika kesi ya Webster ya 1989. Wengi wa walioandika karatasi hizo walikuwa bado kwenye jopo la mahakama hiyo. Jaji Mkuu Rehnquist akaja juu.

Marshall alizikabidhi Maktaba ya Bunge la Marekani nyaraka hizo, zaidi ya 173,000, baada ya kustaafu 1991. Walikubaliana kwamba akiwa hai hazifunguliwi bila ruhusa yake. Akishafariki, Maktaba iamue. Ikaamua kufungua mara moja. Watu wake wa karibu walilalamika kwamba mzee asingeridhia. Mimi nashindwa kuamini kwamba wakili aliyeshinda kesi ya Brown mwaka 1954, iliyoharamisha kutenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma, alitia sahihi asichokielewa.

Hata hivyo, Rehnquist alikuwa na hoja. Ndani ya faili la jaji zimo barua za wenzake, nao hawakuulizwa. Anayejua kikaratasi chake kitasomwa gazetini kabla hajastaafu ataacha kuandika, na mashauri yote yatahamia koridoni. Jaji Hugo Black aliagiza madokezo yake ya vikao yachomwe. Jaji David Souter aliyafunga yake kwa miaka 50 baada ya kifo. Sheria ya 1978 ilifanya nyaraka za rais kuwa mali ya umma. Za jaji zikabaki zake, kama koti lake.

Moto kama ule wa Black ndio unaonitia hofu zaidi. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya katika jumba la Lancaster House, London, Marshall aliwaandikia wajumbe Waafrika rasimu ya sheria ya haki, yenye kinga ya mali iliyowafaa pia walowezi wenye mashamba. Kwa nini mtetezi wa weusi wa Marekani aliandika hivyo? Hukumu na hati rasmi hazijibu maswali ya namna hiyo. Barua na rasimu zilizokatwakatwa kwa kalamu hujibu.

Kwa hiyo Maktaba haikuvunja neno. Mkataba ndio uliokuwa umelegea. Jaji Harry Blackmun alifanya vizuri zaidi: nyaraka zake zilifunguliwa 2004, miaka mitano baada ya kifo chake. Mimi ningeongeza sharti kwamba faili la kesi lisubiri hadi jaji wa mwisho aliyeisikiliza astaafu. Barua za mke na watoto, waamue wenyewe.